Somo Limo Simuni, Saa Iko Wapi?

Fika Uwanja wa Bomu kule Changamwe, Mombasa, saa kumi na nusu jioni, siku ya kazi. Vijana wanaingia uwanjani mmoja mmoja. Huyu ametoka kwenye mjengo, suruali bado ina simenti. Yule ameegesha bodaboda na kumwachia mwenzake funguo ili isikae bure muda wote atakaokuwa mazoezini. Wa tatu katoka chuoni, mkoba mgongoni. Wanavua viatu vya kazi, wanavaa daluga, simu zinakusanywa kwenye kofia ya kipa nyuma ya goli, na kazi ya pili ya siku inaanza. Hali ni hiyo hiyo ng'ambo ya kivuko, Likoni, na upande wa kaskazini kuanzia Uwanja wa Mbuzi pale Kongowea hadi viwanja vya Mtopanga na Bamburi.

Vijana hawa wanatajwa sana kwenye maandiko ya miradi. Mashirika, vyama vya michezo na ofisi za umma katika nchi nyingi zimevutiwa na wazo kwamba mwanamichezo asaidiwe kujenga kazi nyingine akiwa bado anacheza, na kwamba njia rahisi ya kumfikia ni masomo ya mtandaoni, pamoja na gemu zinazomfundisha kupanga fedha, muda na maisha ya baadaye. Kwenye karatasi wazo halina dosari. Simu wanazo, mtandao upo, gemu wanazipenda. Ila ukilifikisha kiwanjani linakutana na swali ambalo jedwali la mradi halikulitengea safu: mchezaji huyu atasoma saa ngapi?

Naamini swali hilo ndilo linaloamua mradi utaishi au utakufa, kuliko ubora wa programu, kuliko uzuri wa video, kuliko hata kiasi cha fedha. Mchezaji wa bara ya Mombasa, nje ya kisiwa, tayari anabeba maisha mawili. Somo la mtandaoni linakuja kuwa la tatu. Asipotokea mtu mwenye mamlaka juu ya siku yake akamkatia kipande cha muda, somo litabaki simuni pamoja na mambo mengine mazuri ambayo hayakufunguliwa.

Wazo lilikotoka

Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walitoa mwongozo kuhusu wanamichezo wanaosoma au kufanya kazi huku wakishindana. Mwongozo ule uliwataka serikali, vyuo, waajiri na vyama vya michezo washirikiane, ili tarehe ya mtihani isigongane na tarehe ya mashindano na mwanamichezo asilazimike kuchagua kimoja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imeanza mpango wake wa kazi kwa wanamichezo mwaka 2005, na baadaye ikaweka masomo ya bure mtandaoni kupitia jukwaa lake la Athlete365. Mradi ukazaa mradi. Zikaja kozi fupi za video, zikaja gemu za maamuzi ambamo mhusika anagawa wiki yake kati ya mazoezi, darasa na kazi, anaumia goti, anapewa mkataba wa kusaini haraka, na anayecheza anaona matokeo ya kila alichochagua.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2016 shirikisho la vyama vya wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPRO, lilichapisha uchunguzi uliohusisha karibu wachezaji 14,000 katika nchi 54. Asilimia 45 kati yao walikuwa wanalipwa chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara. Hao ni watu wenye mikataba. Mchezaji wa ligi ya kaunti hana mkataba wa kucheleweshewa. Anapata nauli, na siku ya ushindi pengine chakula cha pamoja. Goti likivunjika, mpira umekwisha, na kibarua cha kubeba mizigo pia kimekwisha.

Lakini mwongozo wa Ulaya ulikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kuna mkuu wa chuo anayeweza kuahirisha mtihani, kuna mwajiri anayeweza kutoa ruhusa, kuna klabu yenye ofisi na mshauri wa wachezaji. Mchezaji wa Changamwe anayefanya kazi kwenye godauni hana mwajiri wa namna hiyo. Ana msimamizi wa zamu anayeita majina langoni asubuhi, na asiyekuwepo jina lake halirudiwi. Ukichukua mradi uliobuniwa kwa ajili ya yule wa kwanza ukamletea huyu wa pili, umeleta somo ukaacha nyuma kile kilicholifanya somo liwezekane.

Pwani ilikuwa na njia yake

Mombasa haikusubiri kufundishwa kwamba mchezaji anahitaji kazi. Mji huu ulitoa bingwa wa ligi ya Kenya mapema, Feisal, mwaka 1965, na kwa miongo mingi utaratibu uliowashikilia wachezaji wa hapa ulikuwa wa taasisi. Mamlaka ya Bandari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, imekuwa na klabu ya Bandari kwenye kandanda na timu zake za mpira wa kikapu na wavu. Polisi, Magereza na jeshi nao wamelea wanariadha na wachezaji nchini kote kwa njia hiyo hiyo: ukiwa na kipaji unaandikwa kazi, unavaa jezi ya mwajiri, na siku miguu ikichoka kazi ipo.

Uzuri wa mpango ule haukuishia kwenye mshahara. Mwajiri ndiye aliyemiliki saa za mchezaji, na mwajiri huyo huyo ndiye aliyetaka acheze. Hakukuwa na mvutano kati ya zamu na mazoezi kwa sababu zote mbili zilipangwa na mkono mmoja. Mchezaji alijifunza kazi akiwa kazini, kwa kumtazama aliyemtangulia. Bandari ilipotwaa Kombe la Shirikisho la Kandanda la Kenya mwaka 2019 na kwenda kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika, watu wa Pwani walisherehekea mabao, na walikuwa na haki. Nyuma ya mabao yale kulikuwa na taasisi ambayo kwa vizazi imeonyesha kwamba mpira na kazi vinaweza kukaa nyumba moja.

Shida ni kwamba nyumba hiyo ina vyumba vichache. Timu ya taasisi inachukua wachezaji kadhaa tu, nao maelfu wanaobaki hucheza ligi za chini wakitegemea ajira za kandokando ya bandari, na ajira hizo zimetikisika. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimamisha usafishaji mwaka 2013. Reli ya kisasa ilipoanza mwaka 2017 na mizigo mingi ikaelekezwa moja kwa moja Nairobi, malori yalipungua, na yadi za makontena za Changamwe na Miritini zikapunguza watu. Amri ya kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa ilikuja Septemba 2022. Miaka mitano ni mingi kwa mchezaji: winga aliyekuwa na miaka ishirini na kibarua cha uhakika alifikisha ishirini na tano bila hata kimoja.

Kwa hiyo mradi wa mtandaoni ukija Mombasa leo, unaingia mahali palipoachwa wazi na mwajiri. Hilo ni jukumu zito. Mwajiri alikuwa akitoa vitu vitatu kwa pamoja: ujuzi, kipato na muda. Kozi ya simu inatoa cha kwanza peke yake.

Siku ya mchezaji wa Likoni

Tumfikirie kijana wa kawaida wa Likoni, kiungo wa timu ya ligi ya kaunti, mwenye kibarua kisiwani. Alfajiri saa kumi na moja na nusu yuko njiani kuelekea kivukoni. Kivuko cha Likoni hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku na mtembea kwa miguu halipi, hivyo ndiyo njia ya mnyonge. Mwandishi wa mradi akiiona safari hii hudhani amepata dakika za kusoma. Asimame kwanza kwenye feri ya asubuhi. Umati umebanana bega kwa bega, mkono mmoja uko mfukoni ukilinda simu, na anayeitoa hadharani anajua anachohatarisha. Feri ni mahali pa kusikiliza. Si mahali pa kutazama video na kujibu maswali kumi.

Mchana ni kazi. Jioni anavuka tena, anakimbilia mazoezi. Giza likiingia anarudi nyumbani, anateka maji, anaoga, anakula, na saa tatu usiku anafungua simu. Ujumbe unamkumbusha kwamba hajamaliza sehemu ya pili ya kozi. Nafasi ya simu imejaa video za WhatsApp na picha za timu, programu inadai kusasishwa, na bando alilonunua ni la saa moja kwa sababu ndilo la bei anayoiweza. Video ya kwanza ya dakika nane inaanza, inasimama, inaanza. Miguu inauma. Kufikia dakika ya tano amelala.

Anayeitazama ripoti ya mradi ataona jina lake likiwa na alama ya kutokamilisha na atasema vijana wa Pwani hawana ari. Ripoti hiyo itakuwa imemdhulumu. Mtu aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akabeba mizigo, akakimbia uwanjani saa nzima na nusu, hapungukiwi na ari. Amepungukiwa na saa. Tena hata wenye saa hawamalizi: utafiti wa wataalamu wa MIT uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba katika kozi za mtandaoni za bure za Harvard na MIT, ni kama asilimia 3 tu ya walioingia mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 waliofika mwisho. Na wengi wa hao walioingia huenda walikuwa na meza, taa na intaneti ya nyumbani.

Kalenda nayo ina lake. Mradi unaopangwa kwa robo za mwaka wa fedha haujui Ramadhani, ambayo kwenye kalenda ya kawaida hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Katika mwezi huo mitaa ya Mombasa hugeuza saa zake. Mazoezi huhamia usiku baada ya tarawehe, mashindano ya mtaani hufanyika chini ya taa, na usingizi hukatwa na daku. Mradi uliopanga mtihani wake wa mwisho wiki hiyo utapata wachache. Mradi uliokaa na kocha mapema ungeweza kuupata usiku wa Ramadhani kuwa ndio wakati bora kuliko wote, maana timu nzima iko macho, iko pamoja, na inasubiri zamu yake ya kucheza.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi. Mchezaji wa kike wa Kisauni akitoka mazoezini anaingia jikoni, na simu ya nyumba mara nyingi si yake. Hapa jirani yetu Kilifi ana somo la kutufunza. Shirika la Moving the Goalposts limefanya kazi na wasichana kupitia kandanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jambo lililolipa nguvu ni kwamba wasichana wenyewe ndio wanaoendesha ligi. Wanafunzwa urefa, ukocha, huduma ya kwanza na kupanga mashindano, kisha wanazifanya kazi hizo Jumamosi mbele ya watu. Ujuzi unapatikana ndani ya saa ambayo familia imeshakubali kuitoa kwa ajili ya mpira. Hakuna saa mpya iliyoombwa.

Kabati la Kenya na vijiji vya Tanga

Tunayo mifano miwili ya karibu inayoonyesha tofauti kati ya kifaa na mtu anayekitunza. Wa kwanza ni wetu. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Ahadi ikageuka kuwa tableti, usambazaji ukaanza mwaka 2016 kupitia miungano iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na zaidi ya vifaa milioni moja vikafika katika shule za msingi za umma. Kwa idadi, mradi ulitimia. Kwa matumizi, shule nyingi zilivifungia kabatini kwa hofu ya wizi, au kwa kuwa mwalimu hakuona vinaingia wapi kwenye ratiba ambayo tayari ilikuwa imejaa. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto wengi walirudi kwenye vipindi vya redio na televisheni, tableti zikiwa zimebaki nyuma ya milango iliyofungwa.

Mfano wa pili uko ng'ambo tu ya mpaka, mkoani Tanga. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE liliwapa tableti karibu watoto 3,000 wa vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Ndani mlikuwa na programu za Kiswahili zilizojaa michezo ya herufi, sauti na hesabu, na hakuna mwalimu aliyepelekwa. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa takriban nusu. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ile ya shirika la onebillion, zilitangazwa washindi sawa na kugawana dola milioni 10.

Magazeti yaliandika zaidi kuhusu washindi. Mimi nawaza zaidi kuhusu akina mama wa vijiji vile. Kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchaji kwa umeme wa jua, na mama mmoja alikabidhiwa kukitunza, kupokea tableti zilizoisha chaji na kuwahimiza watoto wazirudie. Mama huyo hakuwa mtaalamu wa elimu. Alikuwa mtu anayejulikana, aliyepo, mwenye sauti ya kumwambia mtoto: chukua, keti, jaribu. Watoto nao walikuwa na muda. Programu nzuri ilikutana na saa na ikakutana na mlezi, ndipo ikafanya kazi yake.

Kenya tulikuwa na jaribio jingine lenye busara hiyo. Kampuni ya Eneza Education ilianzisha huduma ya Shupavu 291, ambapo mwanafunzi mwenye simu ya mulika mwizi ya Safaricom alipiga *291# akapata masomo mafupi na maswali ya kujipima kwa ujumbe, kwa shilingi chache, na aliweza kumuuliza mwalimu swali. Video hakuna, rangi hakuna. Lakini somo liliingia kwenye dakika nne za kusubiri matatu. Mtengenezaji alianza na simu iliyopo na muda uliopo, kisha akalikata somo kwa kipimo hicho.

Gemu inaweza nini

Gemu haihitaji kutambulishwa huku bara. Kibanda cha PlayStation cha Mtopanga au Mikindani kina benchi mbili, skrini moja na foleni ya vijana wanaolipa shilingi chache kwa mechi. Ukiwatazama utaona wanafunzi waliokamilika. Mtu anafungwa mabao manne, anacheka, analipa tena, anabadilisha mfumo wa ulinzi, anajaribu upya. Mwenzake pembeni anamweleza kosa lake bila kuombwa. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya gemu: inaruhusu kukosea kwa bei ndogo, na inakusanya watu.

Kwa mchezaji, makosa ya maishani yana bei kubwa. Kusaini karatasi ya wakala bila kuisoma, kucheza na kifundo kilichovimba, kukopa kwa njia ya simu ili kununua daluga, kuacha chuo muhula mmoja kabla ya mtihani. Gemu ya maamuzi inayomwezesha kukosea mambo haya kwenye skrini mara ishirini, kabla hajakosea uwanjani mara moja, ina thamani kubwa. Lakini iwe na maisha yake ndani. Mhusika akose feri siku ya mechi. Kocha abadilishe saa ya mazoezi kwa ujumbe wa saa tano usiku. Mjomba apige simu akiomba mchango wa matibabu siku ya malipo. Chuo kitake ada ilhali nafasi ya kibarua imetokea Dongo Kundu. Kijana wa Chaani akilijua tatizo, atalihangaikia. Akipewa tatizo la mwanafunzi wa Brussels, atalibofya lipite.

Tena gemu ichezwe kwa pamoja. Vijana kumi na mmoja waliokaa kwenye nyasi na simu mbili au tatu, wakibishana kama mhusika asaini au asisaini, wanajifunza zaidi ya kijana mmoja aliye peke yake kitandani usiku. Na hapo kuna kinga pia. Simu ile ile inayobeba somo inabeba kamari ya mechi na ya ndege inayopaa, nazo zimeshajua kumshika kijana kwa rangi, sauti na ahadi ya ushindi wa karibu. Mradi unaoiga mbinu hizo, wa kutoa nyota na zawadi kila dakika, utashindwa kwenye uwanja ambao kampuni za kamari zimewekeza mamilioni. Nguvu yetu iko kwenye kikosi, kwenye kocha na kwenye heshima ya kuonekana unajua jambo mbele ya wenzako.

Mathare waliligundua hili kabla ya simu za mkononi kufika. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza Nairobi mwaka 1987, kiliingiza usafi wa mtaa kwenye msimamo wa ligi: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ilipata pointi pia kwa kutoka kusafisha mitaro na njia. Vijana waliojitolea walikusanya pointi zao binafsi zilizowapatia karo, ikilipwa moja kwa moja shuleni. Ule ulikuwa mfumo wa gemu kamili, wenye alama, ngazi na tuzo, uliochezwa kwa jembe na koleo. Pointi zake zilihesabika kwenye jambo ambalo vijana walilijali kuliko yote, nafasi ya timu yao kwenye jedwali. Kwa sababu hiyo ziliwatoa nyumbani.

Elimu ya kupinga dawa za kuongeza nguvu inafuata mantiki ya karibu na hiyo. Shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, WADA, lina masomo yake mtandaoni, nayo Kenya ina wakala wake ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Viwango vya WADA vinataka mwanamichezo akutane na elimu kabla ya kukutana na kipimo. Mkimbiaji anayejua kwamba riziki yake ya mbio inategemea anachomeza hulisikiliza somo, kwa kuwa limefungwa na mlango anaotaka kupita.

Mradi uanzie wapi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kuwasaidia wachezaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe kwa masomo ya mtandaoni ainame hadi kwenye nyasi, na amwone kwanza kocha. Huyu ndiye mwenye mamlaka juu ya saa moja na nusu ambayo kijana ameshaamua kuitoa kwa hiari yake. Kocha akisema Jumanne na Alhamisi dakika ishirini za kwanza ni za somo, na asiyekuja kwenye somo ataanza benchi, somo litakuwa na watu. Akiona mradi umemruka ukaenda kwa wachezaji wake kupitia simu, atauona mshindani wa muda wake, na hatahitaji kuupinga kwa maneno. Kocha huyu mara nyingi hujitolea bila malipo, naye pia anahitaji kazi ya pili. Alipwe kwa dakika hizo, na yeye awe mwanafunzi wa kwanza.

Pili, masomo ya mwanzo yatoke karibu na mpira: urefa, huduma ya kwanza, ukocha wa watoto, kutunza majeraha, kupiga picha za mechi na kuziuza, kuweka hesabu za timu. Kijana ataona matunda Jumamosi hiyo hiyo. Kutoka hapo ataamini njia ndefu zaidi: umeme, uchomeleaji, udereva wa mitambo, kazi za bandari. Kwa kazi hizi simu ifundishe nadharia, kisha mikono ipelekwe kwenye chuo cha ufundi na kwenye karakana, kwa kuwa hakuna mtu aliyejifunza kuchomelea kwa kutazama skrini peke yake. Mamlaka ya Bandari, yadi za makontena na wawekezaji wanaotarajiwa kwenye eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu wanaweza kutoa nafasi za mafunzo kazini zenye zamu zinazoiheshimu ratiba ya ligi. Wakifanya hivyo watakuwa wamewarudishia wengi kile ambacho Bandari FC huwapa wachache.

Tatu, bajeti itaje vitu vidogo kwa majina yao. Bando. Chaji. Spika moja ya kusikilizisha timu nzima. Kisanduku chenye kufuli. Masomo yapakuliwe mara moja kwenye simu ya kocha na kugawanywa bila mtandao. Sauti ipewe nafasi kubwa kuliko video, kwa Kiswahili cha hapa, ili hata aliye kwenye feri aweze kusikia na simu ikiwa mfukoni.

Nne, tubadilishe tunachokihesabu. Idadi ya waliojisajili huonyesha tu kwamba tangazo lilifika. Mfadhili aulize ni wangapi walimaliza, ni wangapi walifanya kazi kwa ujuzi huo mwaka mmoja baadaye, na ni wangapi kati yao bado wanacheza. Swali la tatu ni la lazima. Mradi unaomtoa mchezaji mpirani ili asome umeshindwa nusu, sawa na ule unaomwacha acheze bila kesho.

Kenya, Uganda na Tanzania zinajiandaa kuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na fedha za michezo zitapita nyingi katika ukanda huu, pamoja na mapendekezo ya kila aina ya kidijitali. Serikali ya kaunti, vyama vya kandanda na wafadhili wana nafasi ya kuweka sharti moja rahisi: kabla programu haijaandikwa hata mstari mmoja, ratiba ya mazoezi ya timu husika iwe mezani, na kocha wake awe ameketi kwenye kikao. Wachezaji wetu wameshatoa jasho la kutosha kuthibitisha kwamba wanaweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Sasa ni zamu ya wapangaji kuwathibitishia kwamba wanajua saa zao zina thamani, kwa kuzilipia, kuzilinda na kuzipanga kabla ya kitu kingine chochote.